Dawa Zote Ndani ya Pampu Moja

Jumatano, Machi 5

Sauti moja haijanitoka masikioni tangu asubuhi: mkono wa pampu ya Baba ukipanda na kushuka. Kwi-kwa, kwi-kwa. Baba alikuwa kwenye viazi, pampu mgongoni, ukungu umemmeza hadi kifuani. Mimi nilikuwa dirishani, simu mkononi. Kwi-kwa. Halafu simu ikaita.

Makambako! Kiwanda cha kufungasha parachichi. Nimeitwa kwenye usaili wa mkaguzi wa ubora, Alhamisi ijayo, tarehe 13, saa tatu asubuhi. Stashahada ya kilimo, daraja la kwanza, miaka miwili nyumbani nikikamua ng'ombe, na leo mtu wa ofisini ametamka jina langu lote: Esnath Anania. Nimelia kidogo. Kwa staha.

Furaha imeingiwa na mambo mawili. Kwanza, nafasi ni moja na walioitwa ni wawili. Wa pili ni Jasmine, mtoto wa mama mdogo, tuliyesoma naye chuo kimoja. Yeye alipata daraja la pili. Naandika kwa kumbukumbu tu.

Pili, kabla ya maswali wanakagua mikono. Anayeshika matunda ya kusafirishwa hatakiwi kuwa na kidonda wala ugonjwa wa ngozi. Nami nyuma ya mkono wa kulia nina choa. Duara kamili, kama limechorwa kwa bikari. Nimeambukizwa na ndama wetu, ambaye anayo matatu usoni na hana usaili wowote. Nimejikuna mpaka pamechimbika. Sasa panatoa usaha.

Jasmine alipita jioni kunipongeza. Akautazama mkono. Akasema hongera dada, kumbe umeshavishwa pete, ila huyo bwana harusi mbona ana mkia? Nikamwambia ana mkia lakini ni mpole. Jibu bovu! Jibu zuri limenijia nikiosha vyombo, na kabla sijamaliza masufuria nikawa nimelisahau.

Alhamisi, Machi 6

Zahanati. Tabibu wetu ni Dada Feliciana, mwanamke wa sauti ndogo anayekutazama mpaka unakumbuka dhambi zako. Amesema mkononi mwangu kuna wageni wawili: fangasi waliotoka kwa ndama, na bakteria walioingia nilipojikuna. Kila mgeni na dawa yake. Krimu ya fangasi asubuhi na jioni kwa wiki nne, hata duara likiacha kuonekana. Kapsuli za antibaiotiki mara nne kwa siku, siku saba, zote, hata nikijiona mzima.

Akauliza kama kuna dawa nyingine yoyote ninayotumia. Hakuna. Akaonya nisiongeze kitu bila kumwuliza, kwa sababu baadhi ya vidonge vya fangasi vikikutana mwilini na baadhi ya antibaiotiki, moyo huweza kupoteza mwendo wake. Akaonya pia nisichangie taulo wala nguo na mtu. Nimeyaandika yote. Mwandiko mzuri.

Kisha nikahesabu. Kutoka leo hadi usaili ni siku saba. Krimu ni wiki nne. Hesabu imegoma.

Nikamweleza. Akasema hilo ni jambo dogo, ataniandikia barua kwamba niko kwenye matibabu na nitapona. Barua! Niende kuomba kazi ya kukagua dosari nikiwa nimeshika orodha ya dosari zangu! Nikakataa kwa upole. Akasema nikibadili mawazo, kalamu anayo.

Ijumaa, Machi 7

Nimepata ufumbuzi, na umetoka shambani.

Wakati wa chakula nilimwuliza Baba ameweka nini kwenye pampu juzi. Akasema dawa ya ukungu, dawa ya wadudu na mbolea ya majani. Zote kwa pamoja? Akacheka. Akaniuliza kama nimemwona na miguu sita ya kuzunguka shamba lile lile mara tatu. Hapa kwetu kila mtu anafanya hivyo. Chuoni walitufundisha kwamba dawa nyingine hugombana ndani ya maji, soma kibandiko kwanza. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nilipata alama zote. Lakini majani ya viazi vya Baba ni ya kijani! Na mwili wangu ni nini kama si shamba dogo lenye ukungu na wadudu?

Nikaenda Njombe mjini. Sila wa duka la dawa nilimwuliza kama ana kitu kinachofanya kazi zote kwa mkupuo. Akasema kipo, krimu ya tatu kwa moja: ina dawa ya fangasi, ina dawa ya bakteria, na ina ya kutuliza uvimbe. Hiyo ya tatu ndiyo yenye matata. Inazima wekundu na muwasho, unadhani umepona, kumbe choa kinatambaa chini kwa chini. Akaomba cheti cha daktari. Sina. Akasema basi pole, mnyalukolo, ndugu yangu, ngozi si gunia kwamba likichakaa utanunua jingine. Foleni nzima ilisikia.

Mama Margareth wa sokoni hakuomba cheti. Krimu hiyo anaipanga katikati ya rangi za kucha na mafuta ya nywele. Alisema wateja wake wanapaka hadi usoni na wanang'aa kama sahani. Swali lake lilikuwa moja tu: na kitana nisikuwekee?

Nimepaka. Juu ya krimu ya Dada Feliciana, ili zizoeane.

Jumamosi, Machi 8

Muujiza! Wekundu umefifia. Hapawashi. Usaha umekauka. Daraja la kwanza halikuja bure.

Jasmine alipokuja nilimpa kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, polepole sana, kama anayetoa sadaka. Aliona. Akanywa chai yake bila utani hata mmoja. Nimekuwa na huzuni ya ajabu baadaye. Nilitaka anione nimeshinda, na aliponiona nilitamani aseme kitu. Mimi ni mtu mgumu kuishi naye, na ninaishi naye kila siku.

Kapsuli nimeacha tangu asubuhi. Usaha haupo, kapsuli ya nini? Zimebaki ishirini.

Ila Baba husema ukitibu majani usisahau mizizi. Krimu ni ya majani. Kwa hiyo nimefungua kopo la biskuti ambamo nyumba hii hutunza dawa zilizobaki. Nimepata vidonge viwili vya fangasi vya Shangazi Letisia, na vidonge vyekundu vya Baba vya kifua, antibaiotiki ya mwaka juzi. Tarehe zimefutika, jambo ambalo nimeamua kulichukulia kama ishara njema. Kesho kabla ya ibada.

Jumapili, Machi 9



Nilimeza vidonge viwili vya fangasi na vinne vyekundu. Saa nne nilikuwa kwaya, safu ya sauti ya pili. Mwalimu Lenard akainua mikono, tukaanza wimbo wa taratibu kabisa. Ubeti wa pili moyo wangu ukaanza wimbo wake. Kwanza haraka. Kisha ukasimama. Kisha ukaruka kama mbuzi anayevuka mtaro. Nikadhani ni Roho. Jirani yangu naye alidhani hivyo, akaniambia kwa kunong'ona nisimzuie. Nikakaa chini katikati ya ubeti. Lenard alinitazama kama nimeiba.

Baba alinipakia bodaboda, yeye nyuma yangu, amenishika kama debe la maziwa.  Njia nzima nilimsikia akipumua.

Dada Feliciana alishika mkono wangu akahesabu mapigo kwa saa yake. Akauliza nimemeza nini. Nikataja nusu. Akanitazama. Nikataja nusu nyingine. Akanipeleka hospitali mwenyewe, nikafungwa nyaya kifuani, mashine ikachora milima na mabonde ya moyo wangu. Nikaangaliwa hadi jioni. Mapigo yametulia. Daktari amesema nina bahati, na amelitamka neno bahati kama tusi.

Tatu kwa moja imetupwa mbele ya macho yangu. Narudi kwenye mpango wa mwanzo: krimu moja, kapsuli zile zile hadi ziishe.

Baba, tuliporudi, alilifungua kopo la biskuti akatazama ndani muda mrefu. Akasema mama yako angekuwepo angenichapa mimi, si wewe. 

Jumanne, Machi 11

Choa kimerudi. Hakikuja peke yake. Kimekuja na wenzake watano, wamepangana kuelekea kiwiko, kingo zao zimefifia, hazieleweki. Sila alisema. Kinatambaa chini kwa chini.

Zimebaki siku mbili. Nimefikiria glovu. Nimefikiria plasta. Nimefikiria kusema nimeungua kwa uji. Nimefikiria maisha yangu yote nikikamua ng'ombe huku Jasmine akipita na gari la kiwanda. Nimelia, safari hii bila staha.

Jioni nilikwenda kwa Dada Feliciana. Nilisimama mlangoni. Akafungua droo akatoa kalamu kabla sijasema kitu.

Alhamisi, Machi 13

Makambako. Upepo wa kule hauna adabu, unaingia hadi kwenye mifupa. Nilivaa sweta la mikono mirefu kwa sababu mbili.

Tulipangwa mstari, sisi wa ukaguzi pamoja na wanawake wa kufungasha. Mama Judith ndiye msimamizi. Alipita akigeuza mikono kama anayechagua viazi vya mbegu. Mwanamke wa mbele yangu alikuwa na plasta kwenye kidole. Mama Judith akaibandua. Akamwambia mama, hapa tunasafirisha parachichi, hatusafirishi siri, nenda nyumbani. Nilihisi goti langu moja likitangulia kwenda nyumbani.

Zamu yangu. Nikapandisha mkono wa sweta. Nikatoa barua. Akaisoma mara mbili. Akasema bora barua kuliko plasta. Akanipa tarehe: Jumatatu, Aprili 7, nirudi na mikono safi na muhuri wa tabibu. Jasmine ataanza kwa majaribio. Siku hiyo ya Aprili tutawekewa kreti moja moja ya parachichi tukague dosari, na mwenye jicho kali atachukua kazi.

Nimebaki kwenye mashindano! Kwa sababu ya barua! Sitaki kufikiria maana yake.

Jasmine alinisubiri getini. Akasema dada, nilidhani utazimia, nilishajiandaa kukudaka. Alikuwa na blauzi nyepesi, anatetemeka kama kifaranga. Nikavua sweta langu nikampa, abaki nalo mpaka apate lake. Alishangaa. Nami pia. Nimerudi Njombe nikijiona mtu mwema kwa kilomita zote sitini.

Ijumaa, Machi 14

Usaha umekauka kabisa. Nimeacha kapsuli tangu jana asubuhi, zikiwa zimebaki nane. Si ukaidi, ni akiba. Dada Feliciana alisema zote, lakini yeye hajui jinsi ninavyopona haraka.

Jumamosi, Machi 22

Mkono ni safi! Nimeutazama juani, nimeutazama kwa kioo cha kukuzia. Hakuna duara. Wiki mbili na siku mbili, na ngozi iko kama ya mtoto.

Saa nne asubuhi Jasmine akaja kutoka Makambako, hakupiga hata simu. Sweta langu amelifua na kulikunja vizuri. Hakuleta utani. Akaketi jikoni, akakunja mkono wa blauzi. Juu kidogo ya kifundo cha mkono, duara. Akasema linawasha tangu juzi. Sijui amelitoa wapi, kwao hawana hata mbuzi.

Mama Judith hukagua mikono kila Jumatatu. Keshokutwa. Jasmine akionekana, anarudishwa nyumbani, na mimi Aprili 7 nakaa mbele ya kreti peke yangu. Ningenyamaza tu. Ningesema pole na kumpa chai. Nilikaa na wazo hilo kwa muda ambao sitauandika hapa. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba amekwishamtumia mama mdogo picha yake akiwa amevaa koti jeupe la kazi, na mama mdogo ameibandika ukutani karibu na ya Kipaimara.

Basi. Mimi si jiwe.

Aliuliza kama aende kwa Dada Feliciana. Nikamwambia Jumamosi foleni ni ndefu, na atakayoambiwa ndiyo yale yale niliyoambiwa mimi, ninayo kichwani neno kwa neno. Nimekamua krimu yangu yote iliyobaki kwenye kikopo cha mafuta ya mgando. Mimi siihitaji tena. Nimempa na kapsuli zangu nane. Usaha hana, lakini zitamkinga. Nikamshauri kwa kuwa ana siku mbili tu asipake mara mbili kwa siku, apake mara sita, na kapsuli ameze nne leo na nne kesho.

Alinikumbatia. Akasema hakuwahi kujua kwamba nampenda. Basi la saa saba limeondoka naye, na kikopo chake amekipakata.