Kamera Mpya, Babu na Shimo la Maharage

Jamani, leo nimeaibika mpaka kwenye soksi. Naandika haya nimejifunga kanga ya Bibi. Suruali iko kambani inachuruzika.

Babu na Bibi wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Baada ya misa, wageni wakajaa nyumbani hapa Mapera, na Bibi alikuwa na ombi moja tu: picha yao wawili. Hawana hata moja. Sura ya Babu ipo kwenye kitambulisho tu, na pale anaonekana kama anatafutwa.

"Niachieni mimi!" nikajitosa. Mjomba kaniletea kamera ndogo ya dijitali juzi (mwongozo wake una lugha za dunia nzima isipokuwa yetu, nikautupa uvunguni). Jana nilibofyabofya kila kitu. Kwenye kona ya kioo kakatokea kauso ka njano kanakocheka. Nikadhani ni urembo.

Babu akasimama na Bibi mbele ya mibuni yake, koti limefungwa mpaka shingoni. Nikabofya. Pii! Hakuna picha. Nikabofya tena. Pii!

"Bado?"

"Bado kidogo, Babu."

"Mpiga picha wa mkoa!" dada yangu Sesi akapaza sauti. "Umesahau kutia mkanda?"

Bibi akamgusa mumewe. "Tabasamu basi, baba."

"Nicheke nini? Mimi nitaondoka, picha itabaki. Wajukuu waseme babu yao alikuwa mjinga?" Kisha akanigeukia. "Na wewe rudi nyuma. Nataka kahawa yangu yote ionekane."

Nikarudi.

"Bado. Mpaka ule mbuni wa mwisho."

Nikarudi tena. Sasa, ni mtoto gani wa Kimatengo anayerudi kinyumenyume huku anajua nyuma yake kuna ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni, maharage juu ya matuta, maji ya mvua katikati?

(Mimi.)

Chubwi! Chali, mguu mmoja hewani, mkono umeinua kamera kama mshumaa wa Pasaka.

Babu na Bibi wakakimbilia ukingoni. "Umeumia, Festo?" Bibi akauliza. Nikatema jani la haragwe.

Basi. Babu akaanza. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu meno yote yaliyobaki. Akamkumbatia Bibi asije akanifuata shimoni.

Kamera ikaamka. Cha! Cha! Cha! Yenyewe! Sijagusa kitu!

Sesi akaichukua, akaitazama. "We bwege, umeitegesha ipige picha mtu akicheka tu. Ndiyo maana ya kauso haka."

Picha ni nzuri, siwezi kukataa. Babu na Bibi wameshikana, wanacheka, mawingu juu yao. Bibi ameitazama huku akifuta machozi, anataka itundikwe sebuleni. Ila katikati yao kuna kiatu changu, kinadondosha tope.

"Tukikate hicho kiatu," nikaomba.

"Kiache," Babu akasema. "Wajukuu wajue mjinga alikuwa nani."

Kwa hiyo mkija kwetu, wasalimieni wenye picha. Mguu msiuulizie.