Kitambaa cha Mama wa Igihozo

Jumatatu, tarehe 6 Julai
Mdomo wangu umeniponza. Jumamosi tunapeleka mahari ya kaka yangu Mirindi kwa kina Igihozo, mchumba wake. Julienne, mke wa kaka yetu mkubwa, alikuwa akijisifu kwamba yeye ndiye atakayemkabidhi mama wa bibi harusi kitambaa cha meza. Nikaropoka mbele ya familia nzima: mimi nitadarizi changu, pindo lote, kwa mkono! Nilifundishwa na masista wa Butembo! (Butembo nilikwenda mara moja, kwenye kilio.) Baba akafurahi. Kikiisha, nitakikabidhi mimi. Kisipoisha, Julienne atatoa kile chake cha plastiki, nami nitabeba viazi vya zawadi. Viazi! Mimi!

Jumanne, tarehe 7
Nimekwenda mtaa wa Mapendo, kwa Mama Mukamugema, anayedarizi mashuka ya maharusi. Nimemwambia nataka kukumbuka tu. Eti ni rahisi: choma sindano ndani kidogo ya ukingo, pitisha uzi chini ya ncha yake, ndipo uvute. Nikavuta kabla ya kupitisha. Nikarudia. Mshono wote ukafumuka! Akaniuliza: "Mama, unashona ama unapigana na kitambaa?" Nimewaaibisha masista.

Alhamisi, tarehe 9
Nimeweza! Uzi unalala ukingoni vizuri kabisa. Mishono mingine mirefu, mingine mifupi. Nimesema ni mtindo. Julienne amechungulia, akasema panya amepita hapo. Wivu mtupu. Mama Mukamugema ameniambia nishonee mezani, nisishonee mapajani. Meza ya nini? Mapaja ninayo.

Jumamosi, tarehe 11
Kona ya mwisho nimeimalizia asubuhi uani, nimeshavaa kitenge changu kipya, gari likipiga honi. Kwa kina Igihozo, msemaji wetu akaita kitambaa. Nikasimama, nikakiinua juu kwa madaha. Kitenge kikapanda nacho! Nilikuwa nimevishona pamoja!

Julienne akaanza kutabasamu. Namshukuru Mungu, chini nilikuwa na kitenge cha pili. Nikafungua cha juu, nikapiga magoti, nikamkabidhi mama wa Igihozo vyote. Akashika kifua: "Dada ya mukwe anavua nguo yake anipatie miye! Huyu ni mutoto wangu kabisa!" Vigelegele! Mirindi akanikumbatia. Nililia. Kitenge kile nilikuwa nakipenda sana, lakini furaha nayo ilikuwepo, siwezi kukataa. Julienne alibeba viazi.

Jumapili, tarehe 12
Baada ya misa, wanawake wameniuliza habari za desturi hii nzuri ya kushona kitambaa na kitenge pamoja. Nimewajibu ni ya masista wa Butembo. Padri amenipa kitambaa cha altare nikidarizi. Nimekubali papo hapo! Nimeanza leo leo, nimekaa kwenye fotei, kile kiti chetu cha mito. Safari hii nimeweka mto mapajani, kitenge kiwe salama. Akili ninayo.

Julienne ananiita tule. Nimeinua kitambaa. Mto umekuja nacho.

Sawa. Padri naye atapata mto.