Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Ufunguzi wa Maabara ya Ua la Petali Nne

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa uliyekalia kiti cha Makamu wake. Mama yetu Mkuu wa Shule. Mwalimu wa Hesabu, ambaye nasikia upo ingawa kiti chako kimekaliwa na begi langu. Wazazi, walezi, na ninyi watahiniwa wa Jumatatu: ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Ndugu zangu, mimi hesabu naijua. Shule niliiacha mapema, nakiri, ila niliiacha ikiwa bado inanihitaji. (Kicheko.) Nimezunguka dunia, nimelala kwenye hoteli ambazo hata swichi ya taa ina kitabu cha maelekezo, na kote huko nilikuta watu wanachora milinganyo kwa koordineti za pola. Msishtuke, wanangu, nitawafafanulia kwa lugha nyepesi kama nilivyofafanuliwa asubuhi hii kwenye gari: unasimama katikati, pale kitovuni, unageuka kwa pembe uliyopewa, kisha unatembea umbali uliopewa, unaweka nukta. Ukiunganisha nukta zako unapata moyo, unapata konokono, unapata ua. Ua! Kutoka kwenye mlinganyo! Nani mwingine amewahi kuwaletea ua? (Mzazi mmoja: "Hata lako hatujaliona!" Vicheko.) Utaliona, mama, tulia.

Ndiyo maana ofisi yangu, baada ya kushirikisha wadau, kufanya upembuzi yakinifu, semina elekezi, na semina ya kuwaelekeza waliokosa semina elekezi, ilibuni Maabara hii ya Kisasa ya Michoro ya Pola, yenye ubao wa duara, karatasi za duara na, kwa mara ya kwanza katika historia, meza za duara, ili mtoto asikutane na kona hata moja. Tathmini inaonesha kwamba uelewa wa wanafunzi umepanda hadi asilimia mia moja na kumi na mbili, na zile kumi na mbili za ziada tumewatunzia watakaozaliwa. (Makofi. Mwenyekiti anainuka kushangilia, anakalia miwani yake.)

Ila changamoto hazikosekani. Nilipokagua madaftari nilikuta jambo la aibu: umbali hasi. Nikamuuliza Mwalimu, hasi maana yake nini? Akanijibu bila haya, "Mzee, hapo mtoto anatazama kwenye pembe yake, halafu anatembea kinyumenyume." Kinyumenyume! Kwenye eneo langu! Sisi tuliojitangaza kuwa watu wa kusonga mbele! Siku hiyohiyo nikatoa waraka: kila nukta yenye umbali hasi ifutwe. (Minong'ono. Msichana wa safu ya tatu amesimama.) Sema, binti yangu, usiogope.

("Shikamoo, Mheshimiwa. Ua letu la mtihani lina petali nne. Tukifuta hasi zinabaki mbili, na msahihishaji anataka nne. Mtihani ni Jumatatu.")

Marahaba. Mmemsikia? Kasimama, kaongea, hakutetemeka. Sasa mwanangu, petali mbili zenye nidhamu, na petali nne zilizopatikana kwa kurudi nyuma, zipi bora? (Wanafunzi wote: "Nne!") Mnaona walivyoharibiwa. (Mwalimu wa Hesabu: "Mzee, watoto watafeli. Futa huo waraka, nakuomba.") Mwalimu wangu, nakupenda kama mdogo wangu, lakini waraka una muhuri, na muhuri wenyewe ni mpya. ("Basi tupe hata hizo karatasi za duara, nipambane nao siku tatu zilizobaki.") Karatasi? Zimo ndani ya maabara. (Vigelegele. Wanafunzi wanakimbilia foleni mlangoni.) Jamani, taratibu, sijamaliza!

Tuitikie kwanza kaulimbiu yetu. Pola oyee! (Oyee!) Duara oyee! (Oyee!) Hasi zii! (Mtu anakohoa.)

Mwisho kabisa ni shukrani. Namshukuru mkandarasi, ambaye tangu mradi uanze hakutusumbua kwa vumbi, kelele, wala tofali. Namshukuru mchoraji aliyeichora maabara kwenye bango vizuri mpaka mimi mwenyewe nililizunguka nikitafuta pa kuingilia. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala, aliyetuazima mlango huu tuliousimamisha uwanjani ili utepe upate pa kufungwa. Ninyi wa kwenye foleni, msisukumane: nyuma yake kuna jua tu, na fundi anautaka kabla ya saa sita, ni mlango wa choo cha wasichana.

Mwalimu! Unawapeleka wapi watoto wakati mgeni rasmi anashukuru? Ni nini hicho, kamba na kigingi? Unawachorea mchangani? Na huyo binti... anatembea kinyumenyume mbele yangu, waraka haujamaliza hata mwezi! Petali moja. Mbili. Ya tatu hiyo. Ngoja, msipite hapo, mtaufuta mchoro kwa viatu, sogeeni! Nne. Ee, kumbe ni ua kweli.

Katibu, andika kwenye ripoti: maabara imeanza kufanya kazi saa nne na dakika kumi, chini ya usimamizi wangu. Asanteni sana.