Nani Anamlisha Bosco Sumu?

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bosco ametapika tena. Mlangoni, ndani ya kiatu changu cha kanisani. Kisha akahara kutoka ngazini hadi kwenye tangi la maji, akasimama hapo akinitazama kama mtu anayeomba msamaha. Mbwa ambaye Krismasi alinivuta kwa kamba hadi nikaangukia ua wa watu! Sasa mbavu zinaonekana.

Majirani hapa Munyaka wanasema ni minyoo. Nilimpa dawa ya minyoo Januari. Hakuna kitu. Mimi nilikuwa karani wa stoo kiwandani hadi nikastaafu. Hila za watu nazijua. Kitu kikiharibika, kikatengenea, kikaharibika tena, hapo kuna mkono wa mtu.

Nimempa maziwa. Jagi zima, ya moto kidogo. Maziwa hukata sumu, kila mtu anajua. Ameyanywa yote na kulamba bakuli. Sasa tumbo linanguruma. Vizuri. Sumu inapigwa.

Bosco ni mbwa wa marehemu mke wangu, Adoyo. Alimleta akiwa mdogo, ndani ya kikapu, juu ya sukuma wiki. Adoyo alituacha Agosti. Huyu naye akienda, nyumba hii itabaki na redio.

Jumatano, 5 Machi

Nimewachuja washukiwa. Akumu wa mlango wa pili: ana mdomo, lakini sumu hawezi, ni mvivu. Mzee Kipyego, mwenyekiti wa Nyumba Kumi: hatoki kwake bila fimbo na hawezi kuinama. Anabaki Ahmed mwenye duka.

Fikiria. Ahmed huvuta kanzu kando Bosco akipita. Duka lake linatazamana na lango letu. Na jioni, jua likizama tu, anafunga mlango na kupotea ndani. Nimeuliza. Wanasema ni Ramadhani, anafuturu. Kisingizio kizuri sana.

Leo ni Jumatano ya Majivu. Padre aliponipaka kwenye paji la uso, wazo likaniingia. Majivu! Nimekusanya ya jiko langu na ya Akumu, nikayamwaga kando ya ua wote. Adui akipita, ataacha nyayo. Padre hakujua amenisaidia kiasi gani.

Alhamisi, 6 Machi

Upepo. Majivu yote yako juu ya mashuka ya Akumu, yaliyokuwa yameanikwa. Amesimama mlangoni pangu akaniita majina ambayo sitaandika, kisha akaniita Baba Lynette kwa sauti iliyokuwa mbaya kuliko hayo majina. Nimefua mashuka mimi mwenyewe, mbele ya ploti nzima.

Nyayo nilizopata: za mbuzi, na za ndala zangu.

Jioni Maryam, mke wa Ahmed, akaleta sambusa kwenye sahani, zimefunikwa. Amesema amesikia Bosco hayuko sawa, pole sana, na mimi pia nimekonda. Nikashukuru. Mlango ulipofungwa nikajua: huu ndio ushahidi. Lazima zipimwe. Nilizipima mwenyewe, kwa mdomo, zote. Nilikaa nikingoja maumivu. Hayakuja. Kwa hivyo ni sumu inayochagua mbwa. Watu wamesoma!

Bosco amehara mara nyingi. Nimeongeza maziwa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Asubuhi Bosco hakuinuka. Nilimwita, akatikisa mkia mara moja, basi. Ulimi mkavu, macho yameingia ndani. Nilimbeba hadi barabarani na wenye bodaboda wote wakaangalia upande mwingine.

Aliyesimamisha pickup ni Ahmed. Alitandika gunia nyuma, akanisaidia kumpandisha, yeye akishika miguu. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu. Agosti ni pickup hiyo hiyo iliyompeleka Adoyo hospitali. Sitaki kuandika juu ya hilo.

Daktari wa mifugo anaitwa Jepchumba. Alimtundikia Bosco maji ya dripu, akachukua kinyesi akakipima. Akaniuliza, “Mzee, huyu anakula nini?”

“Ugali kidogo. Na maziwa.”

“Maziwa kiasi gani?”

“Inategemea. Akizidiwa, naongeza.”

Akaweka kalamu chini. “Mzee, mbwa mkubwa mara nyingi tumbo lake haliwezi kusaga maziwa. Yakiingia mengi, yanamharisha. Unaona anahara, unampa mengine. Ni hayo maziwa. Hakuna sumu hapa. Mpe maji safi, mchele laini na kuku asiye na mafuta, atapona.”

Nilitaka kuamini. Lakini wakati tunatoka daktari alisema, “Asante Ahmed, salimia Maryam.” Wanajuana! Kumbe ng'ombe wa Ahmed kule Ainabkoi hutibiwa na huyo huyo daktari. Sasa unatarajia aseme nini?

Tulipofika nyumbani Ahmed aliosha pickup yake kwa sabuni, vizuri sana, kila kona. Ni kweli Bosco alikuwa ameichafua. Lakini pia ndivyo mtu hufuta ushahidi.

Jumapili, 9 Machi

Lynette amepiga simu kutoka Kisumu. Mtoto wangu ni nesi na huongea kama anadunga sindano. Ahmed alikuwa ameshamwambia kila kitu. Akasema niache maziwa leo hii. Nikasema nimeacha.

Nilikuwa na jagi mkononi.

Jumanne, 11 Machi

Mkutano wa Nyumba Kumi kwa Mzee Kipyego. Ajenda ilikuwa taa za barabarani. Nikaomba dakika moja. Nikasema kuna mtu katika mtaa huu anayetilia viumbe vya watu sumu, na leo ni mbwa, kesho ni mtoto. Sikutaja jina. Niliangalia tu upande wa duka.

Kila mtu akaangalia upande huo. Na Ahmed alikuwa amekaa huko huko.

Akasimama polepole. “Mzee Odera, unasema ni mimi?”

“Sijataja mtu.”

“Basi taja kwamba si mimi. Watu wasikie.”

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema. Yalikuwa maneno mawili. Lakini wote walikuwa wananitazama, na tangu nistaafu hakuna mkutano ulionitazama hivyo. Nikasema uchunguzi bado unaendelea.

Ahmed akavaa viatu vyake akatoka. Mzee Kipyego akasema, “Odera, neno ni kama mkojo wa barabarani. Hulirudishi.” Kisha tukarudi kwenye taa, lakini hakuna aliyesikiliza taa.

Ijumaa, 14 Machi

Neno limetembea. Leo nimesikia kwenye foleni ya maji kwamba unga wa Ahmed umechanganywa dawa ya panya. Nimesikia mtoto wa nyumba ya mwisho alitapika. Yule mtoto alikula maembe mabichi, mama yake mwenyewe aliniambia, lakini sasa hata mama yake anasema ni unga.

Mimi sikusema unga. Mimi nilisema mbwa. Watu hawasikilizi.

Wanawake wanapita mbele ya duka na kwenda hadi lile la ng'ambo. Maryam anakaa mlangoni na sahani zake hazipelekwi kwa mtu. Mtu ameandika neno baya kwa makaa kwenye ukuta wao. Ahmed alikuwa analisugua nilipopita. Nilitembea haraka. Nilitaka kumsaidia kushika ndoo, lakini mchunguzi hawezi kuonekana na mshukiwa.

Mzee Kipyego alinifuata akaniambia niende nikaseme mbele ya watu kwamba nilikosea. Nikamwambia nitakosea vipi kabla uchunguzi haujaisha. Alipiga fimbo chini akaondoka.

Bosco anakula. Anatapika. Nampa maziwa.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi kutoka Turbo. Rafiki yangu wa kiwandani alizikwa huko, mvua ikaharibu barabara, nikakwama kwa wafiwa. Bosco nilimwachia Akumu, ambaye alikubali baada ya mimi kumwahidi sabuni ya mashuka.

Nilipofungua lango, Bosco alinirukia hadi nikakaa chini! Macho yanang'aa. Mkia unapiga kama mjeledi. Kinyesi kikavu, kizuri, cha mbwa mwenye heshima. Nilikaa pale kwenye matope nikamshika shingo. Nadhani nililia. Nilikuwa nimechoka na safari.

Nikamuuliza Akumu amempa dawa gani. “Dawa gani, Baba Lynette? Ugali na maji. Mimi nina maziwa ya kumpa mbwa?”

Nimelifikiria hili kwa makini na jibu liko wazi kabisa. Adui anamwogopa Akumu. Na nani asiyemwogopa?

Nimesherehekea na Bosco. Majagi mawili.

Ijumaa, 21 Machi

Amezidiwa tena. Damu safari hii. Nilimfunika kwa leso ya Adoyo nikaketi naye sakafuni.

Mchana mlango ukafunguka. Lynette, na begi la safari. Akumu alimwita. Aliona Bosco, akaona bakuli, akanusa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

“Baba, ulisema umeacha.”

Nikamwambia kuhusu sumu, kuhusu Ahmed, kuhusu daktari anayemjua Ahmed. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, “Baba, ni wewe. Kila siku ni wewe na hilo jagi.”

Nikasema, mama yako mwisho hakuweza kumeza kitu kingine. Ni maziwa tu. Nilikuwa nampa kwa kijiko, na yalipoingia alikuwa anatulia kidogo. Mgonjwa mwingine ningempa nini? Sijui kitu kingine cha kumpa mgonjwa.

Lynette alikaa chini kwenye sakafu kando yangu. Bosco alikuwa katikati akihema. Baadaye Lynette alinishika mkono akasema anamchukua Bosco. Sio kunikomesha, alisema. Ili aishi. Akampeleka kwa daktari, na kutoka huko wakaenda Kisumu moja kwa moja, Bosco amelala kwenye mapaja yake.

Kabla ya kuondoka alisema, “Nenda kwa Ahmed leo. Mwombe msamaha.” Nikasema nitaenda.

Nilifika hadi lango. Palikuwa na watu. Nikarudi.

Jumapili, 30 Machi

Ahmed amehama. Ndugu zake walikuja na lori kutoka upande wa stendi, wakapakia rafu, mizani, friji ya soda. Duka ambalo lilikuwa hapo kabla sijahamia mtaa huu. Waliobaki mtaani walisimama na kutazama, wale wale waliokuwa wanapita ng'ambo. Mzee Kipyego peke yake ndiye aliyebeba kitu. Alibeba kiti kimoja cha plastiki, na fimbo yake.

Maryam hakuinua kichwa. Lakini Ahmed alikuja hadi dirishani kwangu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Aliniona, najua aliniona.

“Mzee Odera. Bosco amepona?”

Alikuwa amefunga saumu, kesho ni Idi, nyumba yake iko juu ya lori, na hilo ndilo aliloniuliza. Nilivuta pazia vizuri zaidi. Alingoja kidogo, akasema, “Haya, Mungu amjalie,” akaenda.

Lori lilipokata kona nilikaa kitandani nikitazama ukuta kwa muda mrefu sana. Kwa muda huo, naandika kwa ukweli, nilijua. Nilijua kila kitu kama vile mtu anavyojua njia ya kwenda chooni.

Kisha simu ikalia. Lynette ametuma picha. Bosco yuko kwenye nyasi, ananenepa, tumbo halijasumbua tangu afike Kisumu.

Nikaitazama picha hiyo. Nikainuka. Kisumu! Mbali na nani? Mbali na Ahmed! Ametoka karibu naye, amepona. Na mtu asiye na hatia hupakia lori kwa haraka namna hiyo kwa nini? Mambo yamejipanga yenyewe! Nimeandika ripoti ya kumsomea Mzee Kipyego, akitaka asitake.

Duka tayari limepata mtu. Wamalwa, fundi wa viatu, amefagia na kufungua mchana huu huu. Alinisalimia kwa mikono miwili. Aliuliza kama ninaishi peke yangu, akasema ni vibaya mtu mzima kukaa bila wa kuongea naye, akaniletea chai na mandazi mlangoni.

Mandazi yenyewe mazuri. Laini mno. Hatujui hata ukoo wake.

Nimehamisha kiti changu karibu na dirisha.