Choo cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 2024
Baridi. Ukungu mpaka saa tano. Mama mkwe kapasuliwa goti, na Jumamosi ya tarehe 15 anakuja kuuguzwa kwetu, hapa Bungu mlimani. Loyce, mke wangu, kaniambia kwa sauti ya kawaida, ambayo ndiyo mbaya. Mama hawezi kuchuchumaa na choo chetu ni cha shimo. Ama nijenge cha kukaa, ama yeye Loyce atamfuata mama yake Korogwe, na hajui atarudi lini. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi kusonga ugali ukaiva. Nimesema choo kitakuwepo.

Jumatano, 5 Juni
Fundi Nassoro anataka kujenga ubavuni mwa jikoni. Nimekataa. Mimi na mama mkwe tupishane mlangoni mwa choo, mmoja anafunga mkanda? Uso wangu nitauweka wapi? Chake kitakaa juu, nyuma ya migomba, mimi nibaki na shimo langu huku chini. Isitoshe, kule ni juu kuliko choo cha jirani yangu Hashimu, kile chenye vigae, ambacho kila mgeni huonyeshwa kabla hajapewa chai. Hili la Hashimu sikumwambia Nassoro.

Jumatatu, 10 Juni
Shimo tayari. Mgongo kwisha. Nimechonga ngazi za udongo, thelathini na nne. Nassoro kauliza maji yatatoka wapi. Nimemjibu, kwenye chemchemi, yanakotoka maji ya watu wote. Akasema sawa mzee, akaendelea kuchanganya zege. Hashimu kapita, kanipa pole na kazi, kaangalia choo kule juu, kaangalia chemchemi kule chini, kaondoka zake. Wivu.

Alhamisi, 13 Juni
Sinki la choo limekaa. Jeupe, limeelekea bondeni. Nimelaza mpira wa maji toka chemchemini mpaka chooni. Hakuna maji. Nimeupuliza mpira. Nimeunyonya. Nimemtukana aliyeniuzia. Saa kumi Nassoro kanieleza taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba, kwamba chemchemi iko chini ya choo. Tangu nizaliwe unalaza mpira, maji yanashuka yenyewe mpaka mlangoni. Nani angekumbuka kwamba kuna na kupanda? Nikamuuliza mbona hakusema. Kasema aliuliza. Loyce sijamwambia. Nitabeba kwa ndoo.

Jumamosi, 15 Juni
Ndoo ishirini tangu alfajiri. Tanki la pale chooni limejaa. Magoti yangu sasa ni ya kuuguzwa pia. Mama mkwe kafika saa nane na fimbo yake, nikampa shikamoo kwa mbali. Kabla ya chai kauliza choo kiko wapi. Nikaonyesha. Akazitazama ngazi kwa muda mrefu. Kapanda tatu. Ya nne ikamshinda, akashushwa na Loyce, akaniambia nimefanya kazi kubwa, baba, Mungu anibariki. Afadhali angenitukana. Hadija, mke wa Hashimu, alikuwa amekuja kumpa pole. Akasema choo chake kiko mlangoni mwa jikoni, hakuna ngazi hata moja, na chumba cha wageni kipo. Loyce kanyanyuka. Alichukua begi la mama yake, kisha akarudi kuchukua la kwake.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Nimesonga ugali, kuku wameukataa. Mchana nimepanda zile ngazi, nikakaa kwenye sinki langu jipya, mlango wazi. Hashimu yuko chini yangu kabisa, kama nilivyotaka. Baraza lake naliona lote. Loyce anamkanda mama yake, Hadija anamimina chai, Hashimu anacheka. Nimemkumbuka mke wangu, nasema kweli. Nilikaa pale mpaka ukungu ukafunga, natafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Chemchemi iko chini mno. Nimempigia Nassoro aje kesho na sururu, tuihamishe.