Ngoma ya Mzee Fransisko na Jiko la Chai

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mzee Fransisko kashuka kutoka milimani, katuachia ngoma ya marehemu baba yake. Kituo chetu cha chuo kinachunguza sauti na muziki wa kompyuta. Brian, fundi mitambo, miezi minane tu kazini, ndiye ataiingiza sauti yake kwenye kompyuta. Akaipiga. Pu. Kama gunia la mpunga. Baridi imelegeza ngozi, inataka moto. Nalijua hilo. Nikanyamaza. Miaka kumi na tisa mimi mtunza stoo, na Dokta Nasra, mkuu wetu, bado ananiita mzee wa funguo. Kesho naipasha kwa siri, namwita asikie, ajue nani mwenye sikio hapa.

Jumanne, 15 Julai
Kuwasha kuni ndani marufuku. Nimetumia jiko la umeme la chai. Ngoma ikaanza kulia vizuri. Nikakimbia kumwita Dokta. Yuko kwenye simu. Nikasubiri. Nikasikia mlio, paa! Ngozi imepasuka katikati, chumba kinanuka kongoro. Nikaficha jiko kabatini. Dokta akaingia, akauliza nani. Mdomo wangu ukasema Brian aliipiga mno jana. Kaambiwa aandike barua ya maelezo. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na asitegemee kuongezewa.
Nimelala njaa. Haki yangu.

Jumatano, 16 Julai
Brian kaja stoo. Shikamoo Mzee Hatibu. Eti labda kweli alizidisha nguvu. Kaniomba niisome barua yake, kama ina heshima ya kutosha. Nimesoma. Nimemwongezea koma mbili. Mtu gani mimi.

Ijumaa, 18 Julai
Tumepanda na Brian kurudisha ngoma. Kesho anaolewa Anastasia, mjukuu wa mzee. Mzee akapitisha kiganja kwenye ngozi, akanusa, akauliza nani kaipasha akaiacha. Brian akaanza kuomba radhi, hajui hata ya nini. Nikashindwa. Nikasema ni mimi. Bibi Yustina, mke wa mzee, akanitazama: "Baba wee, hata maziwa huachi jikoni ukaenda kupiga soga." Brian akachukua begi lake, akaenda kukaa mbali nami. Bora angenitukana. Mzee kasema wataazima ngoma ya jirani, na adhabu yangu ni kukaa nayo motoni mpaka watu wachoke kucheza. Nimemwahidi Brian: Dokta, naye kaalikwa, akija harusini namwambia yote.

Jumamosi, 19 Julai
Nimekaa motoni tangu saa nne. Macho mekundu, suruali imeungua goti. Sikuinuka hata kwenda haja. Ngoma imelia, bibi harusi kacheza mpaka shela likadondoka. Dokta akaja, akauliza nani anaipasha. Wakanionyesha mimi. Brian alikuwa kule anafunga nyaya za kurekodia. Nikafungua mdomo nikiri. Dokta akaniwahi: kumbe Mzee Hatibu una sikio.
Miaka kumi na tisa.
Nikasema ni kweli, ninalo. Nikasema Brian ni kijana mzuri, haraka tu inamponza, akiwekwa chini yangu atanyooka. Dokta kakubali. Mkataba anaongezewa, mimi ndiye wa kumsimamia.
Kwa hiyo hafukuzwi. Nimemwokoa. Jumatatu nitamweleza taratibu. Akinishukuru, sitakataa.