Mwalimu, Mmemfunza Beryl Kupita Kiasi

Sammy Baya,
Mbaraki, Mombasa.

Kwa Mwalimu Nasiha,
Mkuu wa Darasa la Elimu Maalumu.

Mwalimu mheshimiwa,

Natumai u mzima, wewe na walimu wenzako. Mimi si mzima sana, na sababu ni nyinyi.

Beryl huelewa mambo polepole tangu kuzaliwa. Nilimleta kwenu apate mahali pa kushinda mchana nikiwa kazini bandarini. Kujitegemea sikuagiza. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, na nalalamika hivi:

1. Mmemfunza kuvaa mwenyewe na kufunga mlango. Viatu vyake nimevifunga mimi tangu mamake afariki. Juzi nilipiga hodi ndani ya nyumba yangu, nikajibiwa, "Ngoja kidogo, baba." Nikangoja.

2. Huenda soko la Liwatoni kununua samaki peke yake. Nilimfuata kwa kujibanza, nikamwona akifunua mashavu ya samaki aina ya changu na kusema, "Huyu amelala, si wa leo. Nipe mwingine." Akapewa! Muuzaji yule miaka yote alikuwa akinipa pole kwa sababu ya mtoto. Siku hizi nikienda mimi, huuliza Beryl yuko wapi.

3. Amejua kukataa. Shangazi yake alitaka kumlisha wali mbele ya wageni, akamwambia, "Ahsante shangazi, mikono ninayo." Shangazi hajarudi tena. Lalamiko hili naliondoa.

4. Hili ndilo linaloniuma. Amepata kazi ya kukunja mashuka kwa dobi, na mwisho wa mwezi anahamia mtaa wa Buxton, chumba kimoja na mwenzake wa darasani, Kasyoka. Alinieleza taratibu, kama mlivyomfunza, kisha akaniuliza, "Baba, wewe utaweza kukaa peke yako?" Swali gani hilo la kumuuliza mzazi? Nilikasirika, nikaenda kulala bila kula.

Kwa hivyo naomba umfelishe. Mtihani wake wa mwisho ni Ijumaa; mwambie bado hajaiva, arudie mwaka. Ukiona ni dhambi, basi mfunze kusahau, hata kidogo. Aanze na viatu.

Wasalimie walimu wote, mpishi, na yule bawabu ambaye Beryl humsifu kila siku.

Ni mimi mzazi, kwa heshima na uchungu,
Sammy Baya

N.B. Usimfelishe. Kitanda chake nimekipeleka Buxton leo asubuhi, na misumari nimeipiga mwenyewe. Ila nauliza: darasani kwenu mnapokea mtu wa miaka hamsini na minane? Chai najua kupika. Kinachonishinda ni kupika ya mtu mmoja.